Shajara ya mradi: Traka ya lori ndani ya gari la Formula Ford

Jumamosi. Tulichonacho mezani

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua traka, yaani kifaa cha kawaida cha kufuatilia magari ya kampuni, kile kisanduku cheusi kinachofichwa nyuma ya dashibodi ya lori, na kukifanya kipime mizunguko ya gari la mbio la kiti kimoja. Vifaa vya kurekodi data vilivyotengenezwa maalum kwa mbio vipo, na ni vizuri. Ila sisi tuna lundo la traka zilizotolewa kwenye malori yaliyouzwa, tuna gari moja la mbio, na tuna dereva ambaye kila akishuka anasema "nimepoteza muda kona ya pili" na hakuna mwenye ushahidi wa kumkubalia wala kumkatalia.

Gari ni Formula Ford 1600. Daraja hili lilianza mbio zake Brands Hatch, Uingereza, mwaka 1967. Shule za udereva wa mbio zilikuwa zimechoshwa na injini ghali zinazokufa haraka, ndipo likaja wazo la kufunga injini ya kawaida ya Ford Cortina GT kwenye chasi ndogo ya mbio. Mpaka leo gari halijabadilika sana: chasi ya mabomba ya chuma, bodi ya faibaglasi, giaboksi ya gia nne, nguvu inayozidi farasi 100 kwa kiasi kidogo, na hakuna mabawa. Hilo la mabawa ndilo linalolifanya liwe darasa zuri. Hewa haikusaidii kulishika barabarani, kwa hiyo kila kosa la mguu au la mkono linalipwa papo hapo kwa kasi. Ayrton Senna alikuwa bingwa wa Formula Ford ya Uingereza mwaka 1981, Jenson Button mwaka 1998, wote wawili baadaye wakawa mabingwa wa dunia wa Formula 1, na orodha ni ndefu.

Kuna madaraja mengine ya kuanzia. Formula Vee, iliyozaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa vipuri vya Volkswagen Beetle, ni rahisi zaidi ya letu. Formula 4 ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iliyoanza mwaka 2014, ndiyo njia kuu ya vijana wanaotoka kwenye karting (mbio za vigari vidogo) wakiwa na miaka 15. Tofauti moja kati ya F4 na gari letu itatuhusu sana: F4 imejengwa kwa nyuzi za kaboni, letu ni chuma na faibaglasi. Mawimbi ya setilaiti hupenya faibaglasi kama vile hakuna kitu. Kaboni huyazuia.

Jumatatu usiku. Ndani ya kisanduku

Tumekifungua. Kuna moduli ya GPS yenye antena ya kauri ya mraba, modemu yenye nafasi ya laini ya simu, kihisi cha mchapuko, betri ndogo ya akiba, na maikrokontrola inayoamua nini kitumwe na nini kitupwe. Kazi yetu iko kwenye hiyo ya mwisho.

Traka ya lori imefunzwa ubahili. Kila ujumbe unakula bando, kwa hiyo inatuma nukta moja kila nusu dakika au zaidi, na inaongeza nukta nyingine gari linapogeuza uelekeo kwa nyuzi kadhaa. Lori likisimama, inagandisha nafasi ili ramani isionyeshe gari likitangatanga ndani ya yadi usiku kucha. Kasi inazungushwa kuwa namba kamili. Kwa msimamizi wa usafirishaji hayo yote ni sawa, maana anachouliza ni gari liko wapi na limefika saa ngapi. Kwetu ni balaa. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa gari linakula mita 50 kila sekunde. Katika nusu dakika limeenda kilomita moja na nusu na kupita kona kadhaa, na ramani inachora mstari mmoja mnyoofu uliokatiza kwenye majani katikati ya uwanja.

Nafuu ni kwamba moduli yenyewe haina ubahili huo. Tumechomelea waya mbili kwenye njia yake ya kutolea data, tukaunganisha na kompyuta, na sentensi za NMEA, mistari ya maandishi ambayo vifaa vya GPS hutolea data, zikaanza kumiminika, moja kwa sekunde kwa kila aina. Tunayoihitaji ni RMC: saa, latitudo, longitudo, kasi, uelekeo, tarehe. Latitudo inaandikwa kwa digrii na dakika, na dakika zina tarakimu nne baada ya nukta. Dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,852, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inawakilisha kama sentimita 18. Hiyo haina maana kwamba kifaa kinajua kilipo kwa sentimita 18. Ina maana tu kwamba namba haikuzungushwa kabla ya kutufikia. Kasi iko kwa noti za baharini, urithi wa mabaharia, na inazidishwa kwa 1.852 kupata kilomita kwa saa. Ina sehemu za desimali. Kumbe kasi safi ilikuwepo muda wote, na kisanduku kilikuwa kinainyofoa kabla ya kuituma.

Jumanne. Mara 10 kwa sekunde

Moduli inakubali kupandishwa hadi vipimo 10 kwa sekunde. Tukaipandisha, na ikaanza kuruka vipimo.

Sababu ni hesabu ya darasani. Waya wa data ulikuwa umewekwa kwenye biti 9,600 kwa sekunde. Moduli inatoa aina sita za sentensi kwa kawaida, nyingine zikieleza kila setilaiti inayoonekana na nguvu ya mawimbi yake, na zote pamoja zinafika baiti mia nne na kitu. Kila baiti inahitaji biti 10 kwenye waya. Zidisha kwa mara 10 kwa sekunde, unapata zaidi ya biti 40,000. Unajaribu kupitisha gunia kwenye tundu la sindano. Tumepandisha waya hadi 115,200, tumezima sentensi zote za NMEA, na badala yake tunapokea ujumbe mmoja wa binari ambao moduli za kampuni ya u-blox, kama yetu, huuita NAV-PVT. Una baiti 100 pamoja na vichwa vyake, na ndani yake mna nafasi, kasi, uelekeo, na kitu ambacho RMC haina: makadirio ya moduli yenyewe ya kosa lake, kwa nafasi na kwa kasi.

Hayo makadirio ya kosa ni ya thamani kuliko yanavyoonekana. Nukta ikija na kosa kubwa kuliko kawaida, programu yetu inaichora kwa rangi ya kijivu. Dereva anaambiwa asibishane na kijivu.

Alhamisi. Laini ya simu imetoka

Tumetoa laini na kung'oa modemu kabisa. Katika madaraja mengi ya chini ni marufuku gari kutuma data kwa timu likiwa mbioni. Kurekodi ndani ya gari na kusoma baadaye huruhusiwa. Sheria hiyo naiunga mkono. Ikiruhusiwa, mwenye pesa ataweka wahandisi wa kumsomea dereva kila kona, na daraja la kujifunzia linakuwa la kununulia. Tungeweza kuacha modemu ndani na kusema imezimwa, lakini mkaguzi wa ufundi hana njia ya kuthibitisha neno hilo. Nafasi tupu kwenye bodi haina ubishi.

Data sasa inaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu.

Ijumaa. Umeme

Lori lina volti 24, alteneta kubwa, na betri ambazo hazishtuki. Formula Ford ina betri moja ndogo ya volti 12 na, kama kawaida ya magari haya, haina alteneta kabisa: unaichaji kati ya vipindi, kisha gari linaishi kwa akiba hiyo. Stata ikipigwa, volti zinaporomoka. Kisanduku kinavumilia kwa sababu kilitengenezwa kuvumilia volti 9 hadi 30 na zaidi, na kwa hapo naupongeza ulimwengu wa malori. Vifaa vingi vya kujitengenezea nyumbani hufa kwenye stata.

Shida ilikuwa upande wa pili. Gari la mbio lina swichi kuu inayofikiwa na msimamizi wa uwanja akiwa nje, na ikizimwa kila kitu cha umeme kinatakiwa kife. Traka ya lori imetengenezwa kwa nia iliyo kinyume: mwizi akikata waya, iendelee kuishi kwa betri ya akiba na kulia. Betri hiyo ya lithiamu tumeitoa. Badala yake kuna kapasita inayoshikilia umeme kwa muda mfupi tu, wa kutosha maikrokontrola ione volti zimekatika, imalizie kuandika, na ifunge faili. Bila hivyo kadi ingebaki na faili lisilofunguka kila dereva anapozima gari kwa swichi kuu, na hulizima hivyo kila mara.

Fundi alisimama nyuma yangu wakati nafunga waya. "Hiyo waya yako usiipitishe karibu na koili," akasema. "Itakusumbua." Injini ina distribyuta na waya nene za plagi, na kila cheche ni mtambo mdogo wa redio unaorusha kelele pande zote. Mawimbi ya GPS yanatoka kilomita 20,200 juu na yanafika hapa chini yakiwa dhaifu kuliko kelele ya kawaida inayoyazunguka. Moduli inayatambua kwa sababu tu inajua mpangilio wa msimbo wake. Kwa hiyo kisanduku kimehamia mbele, ndani ya pua, juu ya miguu ya dereva. Antena iko chini ya faibaglasi, juu ya bamba la alumini la mraba, kwa sababu antena ya kauri bila bamba la chuma chini yake inasikia vibaya. Kule nyuma ingekuwa imekaa kati ya upinde wa kinga na injini, mahali pabaya kuliko pote garini.

Jumapili. Uwanjani, na wimbi lisilokuwepo

Data ya kasi ni nzuri mno. Niseme kwa nini, kwa sababu watu wengi hudhani GPS hupata kasi kwa kupima umbali kati ya nukta mbili na kugawa kwa muda. Haifanyi hivyo. Inapima jinsi masafa ya kila setilaiti yanavyopanda au kushuka kutokana na mwendo, ile athari ya Doppler, na kasi inatoka humo moja kwa moja. Nafasi inaweza kukosea kwa mita 2 au 3 huku kasi ikikosea kwa chini ya kilomita moja kwa saa. Ndiyo maana katika kila grafu yetu kasi ndiyo mfalme, na nafasi hutumika kujua tu ni kona gani.

Kihisi cha mchapuko ndicho kilichotuletea kizungumkuti. Kwenye mnyoofu mrefu, gari likiwa gia ya nne, mstari wa mchapuko wa wima unaonyesha gari linadunda polepole, juu chini, kama mashua. Kadiri mwendo unavyoongezeka mdundo unapungua kasi, unakaribia kusimama, halafu unaanza tena kuongezeka. Dereva anaapa hakuna mdundo wowote. Fundi kakagua dampa (shokabzoba) zote, hazina neno.

Jibu liko kwenye injini. Injini ya silinda nne kwa mstari ina mtetemo wa mara mbili kwa kila mzunguko wa kranki. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, mtetemo huo ni mara 200 kwa sekunde. Kihisi chetu kilikuwa kinasoma mara 100 kwa sekunde. Kila kinaposoma, mtetemo umeshamaliza duru mbili kamili na umerudi palepale, kwa hiyo kinaona kitu kilichotulia tuli. Kwa mizunguko 5,700 mtetemo ni 190, na kihisi kinaona wimbi la uongo la mara 10 kwa sekunde. Kwa 6,150 ni 205, na uongo unakuwa wa mara 5. Mashua tuliyoiona ilikuwa injini tu. Hakuna chujio la programu linaloweza kuondoa uongo huu baada ya kurekodiwa, maana ukishaingia unafanana kabisa na ukweli. Unazuiwa mlangoni: tumewasha chujio lililomo ndani ya kihisi chenyewe, tukaliweka chini kabisa, tukaongeza kasi ya kusoma, na kisanduku sasa kinakaa juu ya mpira laini. Mdundo umepotea.

Kwenye lori, jambo hili halionekani kwa urahisi, injini ikiwa inazunguka taratibu na kizingiti cha tahadhari kimewekwa juu. Lakini nashuku kwamba baadhi ya zile "breki kali" zinazoripotiwa na malori yetu zinatoka ukoo huuhuu.

Jumatano. Kupima mzunguko

Mfumo wa magari ya kampuni tayari una uzio wa ramani: unachora duara, na gari likiingia unapata taarifa. Kishawishi kilikuwa kutumia hilo. Halifai. Gari linalopita upande wa kushoto wa barabara hugusa duara kwa wakati tofauti na linalopita kulia, na zaidi ya hapo traka husubiri nukta kadhaa ziwe ndani kabla ya kuamini, ili isitoe taarifa za uongo. Kwa lori, kuchelewa sekunde kadhaa si kitu.

Tunatumia mstari. Nukta mbili, moja kila ukingo wa barabara. Kwa kila kipimo kipya programu inauliza kama njia kutoka kipimo kilichopita hadi hiki imekata mstari huo, na kama imeukata kwa uelekeo sahihi. Kisha inakadiria wakati wa kukata. Kwa mita 50 kwa sekunde, vipimo vyetu viko mita 5 mbali. Mstari ukiwa mita 2 baada ya kipimo, muda ni sehemu 4 za mia za sekunde baada yake. Dunia tunaichukulia kuwa bapa. Uwanja ni mdogo kiasi kwamba kuzidisha digrii kwa mita na kupunguza longitudo kwa kosaini ya latitudo kunatosha, na anayetaka kutumia fomula za duara la dunia hapa anajitafutia kazi.

Mahali pa kuweka mstari pana uzito kuliko programu yenyewe. Nafasi ya GPS haitangitangi ovyo kutoka kipimo hadi kipimo. Inateleza polepole, kwa hiyo kosa la mwanzo wa mzunguko na la mwisho wake yanakaribiana na kwa sehemu kubwa yanafutana. Tuseme inabaki nusu mita. Mahali gari linapokwenda mita 50 kwa sekunde, nusu mita ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwenye kona kali inayogeuza gari karibu kurudi lilikotoka, mita 15 kwa sekunde, ni zaidi ya tatu. Basi mstari wetu hauko kwenye mstari rasmi. Uko sehemu ya mnyoofu ambapo gari lina kasi kubwa kuliko pote. Mistari ya kugawa mzunguko nayo imehamishwa kutoka kwenye kona.

Muda rasmi unatoka kwenye transponda ya gari (kifaa kidogo kinachorusha namba yake ya utambulisho) na waya uliozikwa chini ya lami, na husomwa kwa elfu ya sekunde. Tumeulinganisha na wetu: tofauti ni sehemu chache za mia. Kutoa matokeo ya mbio kwa namna hii isingekuwa haki kwa mtu yeyote. Kumfundisha dereva, inatosha na kubaki. Na tukumbuke kwamba hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua mawimbi ya kiraia kwa makusudi, kosa likifika mita 100. Wakati ule ramani ingeweza kulionyesha gari letu kwenye jukwaa la watazamaji.

Jumamosi. Kona ya pili

Hapa ndipo mradi ulipolipa. Tumeweka mizunguko miwili juu ya grafu moja, mhimili wa chini ukiwa umbali na si muda. Ukitumia muda, mzunguko wa polepole unasogea kulia na kona hazilingani. Ukitumia umbali, kila kona iko chini ya mwenzake. Chini ya kasi kuna mstari wa pili unaoonyesha muda uliopotea au kupatikana hadi hapo.

Kona ya pili haipotezi chochote. Kasi ya chini kabisa ndani ya kona inalingana na ya mzunguko bora. Muda unavuja kona ya kwanza, ambayo dereva anaipenda. Anaingia kwa kasi nzuri, anaachia breki, halafu kuna kipande kama mita 20 ambapo mstari wa kasi unashuka kwa mteremko mdogo, ulionyooka. Breki haishuki hivyo. Breki hapa inashusha zaidi ya g moja, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka. Mafuta yangepandisha. Huo ni mguu usiokanyaga chochote. Anasubiri. Kisha anakanyaga mafuta akiwa amechelewa, na kilomita 3 kwa saa alizokosa pale kwenye kutoka zinamfuata mnyoofu mzima hadi kona ya pili, ambako sasa gari linafika likiwa polepole na yeye anahisi kwamba kona hiyo "haiendi".

Nilimwonyesha kipande hicho cha mita 20 kwenye skrini. Akakitazama kwa muda. "Pale nasubiri pua igeuke," akasema. Fundi akadakia kwamba kama pua haigeuki, hiyo ni kazi yake yeye na si ya mguu, akaenda kulegeza upau wa mbele wa kuzuia mlalo. Kipindi kilichofuata kipande kile kilipungua hadi karibu nusu. Hakijaisha.

Nimegundua pia kwamba dereva hahitaji grafu zaidi ya hiyo moja. Nilikuwa nimeandaa chati ya mchapuko wa pembeni dhidi ya wa mbele, lile duara zuri la mshiko wa matairi, na nilikuwa najivunia nalo. Hakulitazama.

Jumanne. Kurudi kwa malori

Swali la breki kali limerudi mezani. Traka kwenye malori yetu hutoa tahadhari kihisi kikipita takriban g 0.4. Madereva wanalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa mashimo na matuta, na data ya gari la mbio imenifanya niwaamini. Shimo ni pigo la chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Breki ya kweli inadumu sekunde na zaidi, na lazima ionekane kwenye kasi: g 0.4 ikidumu sekunde moja inashusha kilomita 14 kwa saa. Kama kihisi kinapiga kelele na kasi ya Doppler haijashuka hata kilomita 3, hakuna aliyefunga breki.

Sheria mpya ambayo tumeiweka kwenye traka chache za majaribio: kihisi kinapendekeza, kasi inaamua. Moduli inasoma mara 5 kwa sekunde ndani kwa ndani, inahifadhi sekunde chache zilizopita kwenye kumbukumbu ya muda, na haitumi chochote mpaka tukio litokee. Likitokea na kasi ikathibitisha, inatuma kipande hicho kifupi badala ya neno moja "breki". Bando halijaongezeka kwa kiasi cha kulalamikiwa. Msimamizi sasa anaona umbo la tukio, na umbo linasema mengi: dereva aliyefunga breki kwa ghafla halafu akasimama kabisa ana habari tofauti na yule anayepunguza kwa mikupuo mikupuo akiwa amemkaribia mno aliye mbele.

Kuna vitu ambavyo havihami. Kugandisha nafasi lori likiwa limesimama tumeuacha kama ulivyo. Betri ya akiba lazima irudi. Na hakuna sababu ya kumpa dereva wa lori grafu ya mzunguko bora. Sitaki hata wazo hilo lisikike ofisini.

Hali ilivyo sasa

Kisanduku kinafanya kazi kwenye Formula Ford na mkaguzi wa ufundi amekikubali. Bado nalinganisha mipangilio ya mwendo ndani ya moduli: ule wa "gari" unadhani gari halipandi wala kushuka sana na unatuliza urefu vizuri, lakini mwanzo wa breki unaonekana kuchelewa kidogo kuliko kwenye ule wa "ndege chini ya g 2". Nahitaji kipimo cha shinikizo la breki ili nijue upi unasema kweli, na fundi ameahidi kutoboa nafasi kwenye bomba la mbele injini itakaposhushwa.

Timu jirani yenye gari la F4 imeomba kisanduku kimoja. Antena ya ndani haitasikia chochote chini ya kaboni, kwa hiyo kisanduku chao kitakuwa na antena ya nje yenye waya, juu ya pua, mbele ya halo, ule upinde wa kukinga kichwa cha dereva. Bamba la alumini limeshakatwa. Kinachosubiriwa ni wao waulize kwanza kama kanuni za daraja lao zinaruhusu kitu chochote kuongezwa hapo.